Tupeane uzoefu: mchoro wa watu na viumbe wa ajabu uliokushika, uliusoma vipi?

Wadau, nimetundika bango sebuleni hapa South B, Nairobi. Mwanamke mwenye pembe za swala anatembea na taa mkononi, bundi begani, nyoka kajizungusha kiunoni. Nyuma yake kuna msururu wa watu wadogo na joka lililofumba macho. Wageni wote hukimbilia bundi. Mimi kilichonishika ni taa: ameielekeza nyuma, kwa wanaomfuata. Mbele yake mwenyewe ni giza. Nawe ulishawahi kukutana na mchoro wa namna hii? Tuambie.

Wa Kayole: Bundi atoke ukutani kwanza, ndipo tuongee. Kwetu Murang'a akilia juu ya paa, nyanya alikuwa anatoka na kijinga cha moto.

Mchoraji wa nganya (matatu za kupambwa), Umoja: Mwenye gari alinitaka nimchoree joka ubavuni. Nikamuuliza, joka gani? La Kichina ni refu kama nyoka, kwa kawaida halina mabawa, na huko kwao ni la mvua na baraka. La Ulaya ni la mabawa na moto, lile Mtakatifu George analolichoma mkuki. Akasema, "Weka la moto, abiria wanapenda moto." Haya. Lakini hilo lako lililofumba macho silisomi kama adui. Adui hachorwi akisinzia katikati ya watu, labda kama mchoraji anatutania.

Wa Nyakach, sasa Lang'ata: Na nyoka naye msimpeleke Edeni haraka. Kwetu chatu Omieri akionekana, wazee husema mvua na mavuno yako njiani. Alipoungua moto mwaka 1987 watu walihuzunika kweli. Huyo wa kiunoni amebana au amelegea? Kwangu hapo ndipo penye jibu.

Mwanafunzi wa sanaa: Mwalimu wetu alituwekea "Bustani ya Raha za Dunia" ya Hieronymus Bosch, iliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, akatukataza kutamka "inamaanisha" kwa nusu saa nzima. Taja tu unachokiona: nani kambeba nani, nani anamtazama nani. Mimi nikaona twiga! Mweupe, upande wa kushoto walipo Adamu na Hawa, karibu mwaka 1500, na mchoraji Mholanzi. Na bundi yumo pia, ndani ya tundu la chemchemi, anachungulia. Wataalamu mpaka leo wanabishana ni hekima au ni uovu. Kwa hiyo swali langu: bundi wako anatazama wapi?

Mwenye uzi: Nyoka amelegea, kichwa kakilaza kwenye mkanda. Bundi anamtazama mtoto wa mwisho, yule ambaye mwanga haumfikii.

Mchoraji wa nganya, Umoja: Basi huyo ni mlinzi. Taa inawaona wa karibu, bundi anaona gizani. Wamegawana kazi.

Wa Kayole: Mlinzi wa nani? Hata angekuwa anatazama ukuta, kwangu haingii.