Nimestaafu na miaka 51, nimerudi Amu (Lamu), nimeridhika. Sasa naitwa kazini tena. Niende?

MwanaLangoni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nitajieleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nimefundisha hisabati katika sekondari za bara kwa miaka 28, mingi yake Nairobi. Mke wangu hakuhama. Alibaki hapa Lamu na mama yangu, akalea watoto wetu watatu, mimi nikija Aprili, Agosti na Desemba kama mtalii. Kifungua mimba alizaliwa nikiwa nasahihisha mitihani. Wa pili habari zake nilizipata kwa simu ya kibanda. Mwanangu wa kiume alipohitimu Kurani nilitumiwa picha.

Nilipofika 50, umri ambao mtumishi wa serikali anaweza kuondoka na pensheni yake bila kungoja 60, nilipiga hesabu mwaka mzima kisha nikaandika notisi. Mwaka na nusu sasa niko nyumbani. Baada ya alfajiri ni kahawa chungu barazani na wazee, halafu mahamri na mbaazi, kisha nashuka sokoni kuona bahari imeleta nini. Alasiri watoto wa mtaa huja na madaftari yao. Siwatozi, ila mama zao hawaniachi bila mkate wa sinia. Magharibi ikikaribia nambeba mjukuu hadi gatini tukatazame majahazi.

Huyo mjukuu ndiye aliyenimaliza. Binti yangu mkubwa alirudi kwetu kujifungua, kama ilivyo ada. Uchungu ukamshika usiku, na mimi ndiye niliyetangulia na taa vichochoroni hadi hospitali, mke wangu akinifokea kwamba natembea mbio kuliko mgonjwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa karibu mtoto wa ukoo wangu akija duniani. Nililia. Nimesema.

Sasa shida. Binti wa pili anaolewa Mfungo Saba, miezi sita ijayo. Mnajua kwetu baba humpa binti pa kukaa. Ghorofa ya juu ipo, lakini ni kuta tu. Fundi amenipa makadirio ya shilingi 1,400,000. Kwenye mkupuo wangu wa pensheni zimebaki kama 900,000, na kijana yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Wiki iliyopita shule moja ya binafsi Nairobi ikanipigia: mkataba wa miaka miwili, 95,000 kwa mwezi, nyumba bure. Kaka yangu anasema riziki imebisha hodi, na mwanamume wa miaka 52 hakai barazani na wazee wa 75.

Niende? Au huku kuridhika kwangu ni uvivu uliovaa kanzu?

HesabuKwanza

Mwalimu, wewe wa hisabati umetuletea swali nusu. Ngoja nikukisie. Kwa kanuni ya pensheni ya serikali, miezi 336 ya utumishi juu ya 480 ni asilimia 70 ya mshahara wa msingi. Tuseme ulikuwa 70,000, basi pensheni ni 49,000. Umechukua robo kwa mkupuo, yaani 12,250 mara miezi 12 mara 20: shilingi 2,940,000. Ukabaki na 36,750 kila mwezi. Nimekosea?

Tuje kwenye mkataba. Katika 95,000, ukishatoa kodi, bima ya afya, tozo ya nyumba na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) utashika kama 68,000. Kula, nauli na kutuma nyumbani vitu vidogo vidogo, tuseme 30,000. Unaweka 38,000. Mpaka Mfungo Saba utakuwa na 228,000. Upungufu wako ni nusu milioni. Kwa maneno mengine, harusi itapita na ghorofa haijaisha, na wewe utakuwa umebakiza mwaka mmoja na nusu wa kusimamia prepu, masomo ya usiku bwenini.

Kama unataka kwenda kwa sababu ya ada ya kijana, hilo na tulijadili. Kwa ghorofa, hesabu haikubali.

KijanaWaMokowe

Mzee wangu, mimi nina 27, nina digrii, na naendesha boti ya mtu. Ukikataa hiyo kazi naomba namba ya hao watu. Sitanii.

MamaSabaki

Nakuandikia kutoka Malindi, kaka yangu. Mume wangu alistaafu hotelini mapema, tukajenga karibu na bahari tukidhani tumemaliza. Bahari haimalizi. Bawaba zikaota kutu, nondo zikavimba ndani ya zege hadi dari ikapasuka, kwa sababu mchanga wa fundi wetu ulikuwa na chumvi. Miaka minne tukawa tunajenga nyumba ileile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uende Nairobi, kaa na fundi umwulize hiyo 1,400,000 ina nini ndani yake. Nyumba yako kama ni ya mawe ya kale, mtu akikupigia lipu ya saruji ukuta utatoa jasho na kubambuka. Ukuta wa matumbawe unataka chokaa. Na mkiwa ndani ya mji wa kale, mchoro upitie kwa wahifadhi kwanza, usije ukasimamishwa boriti ziko nusu.

La pili. Nimesoma maneno yako mara mbili. Kaka yako amesema, fundi amesema, shule imesema. Mke wako nimemwona akikufokea tu njiani kwenda hospitali. Yeye amesemaje?

NahodhaMstaafu

Mimi ni wa Matondoni. Nimekwenda na jahazi tangu kijana hadi mgongo ulipokataa. Wengi hapa watakwambia baki, bahari tamu, mjukuu mtamu. Mimi naona kaka yako kasema kweli nusu. Kusi ikiwa kali na chombo kiko pwani, baharia hakai bure: anakalafati nyufa za mbao, anashona tanga, anapaka sifa, yale mafuta ya papa. Akikaa bure, chombo kinaoza na yeye anaoza. Miaka 52 bado una nguvu za kutoka.

Lakini kutoka si lazima Nairobi. Hao watoto wa madaftari, kuna wa kidato cha nne humo? Baba zao wana maboti na nyumba za wageni Shela. Kwa nini unawafundisha bure? Mdogo mfundishe kwa mkate wa sinia. Mkubwa anayetaka daraja la chuo kikuu, baba yake alipe.

KijanaWaMokowe

Nahodha amesema kweli. Mimi hisabati nililipia kila likizo, na aliyenifundisha hakuwa hata mwalimu.

MwanaLangoni

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na maziko mtaani.

HesabuKwanza, umekosa kwa shilingi mia chache tu. Nimeona haya, maana karatasi nilikuwa nayo na sikuiandika ile safu ya miezi sita. Nadhani sikutaka kuiona.

Mama Sabaki, swali lako limenikosesha usingizi siku mbili. Kweli sikuwa nimemuuliza. Nilimwambia tu kuna kazi, akasema “haya,” nikalichukua hilo kuwa jibu. Juzi usiku nikamuuliza sawasawa. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, hakuinua macho. Akasema: “Miaka 26 nimeolewa na likizo. Ukitaka kwenda nenda, lakini safari hii usiniambie unakwendea watoto.” Kisha akaondoka na kapu lake. Nilibaki pale mpaka chai ikapoa.

Asubuhi nikaenda kwa baba wa bwana harusi, jambo ambalo kaka yangu anaona ni aibu. Mzee akacheka. Kumbe kijana wao mwenyewe alikuwa anaogopa kuniambia kwamba chumba kimoja, msala (choo na bafu) na ngazi ya peke yao vinawatosha kwa kuanzia. Fundi amekata makadirio hadi 620,000. Ada ya kijana bado inanikaba, sitadanganya, na masomo ya jioni ya kulipia yataanza Jumamosi na wanafunzi sita. Kaka yangu haniongeleshi.

Kijana wa Mokowe, nitumie ujumbe kwa faragha na vyeti vyako. Wale wa shule wanataka mwalimu wa hisabati. Kama digrii yako si ya ualimu, niambie mapema.

Wengine: anayejua fundi wa chokaa, si wa saruji, aliye huru kuanzia mwezi ujao, aniambie. Na boriti, korija mbili (yaani 40), zilizokaushwa.