Ukoo wa Mzee Salim: ile picha ya Nanyuki

*Ami Rashid:* Assalam alaykum wote. Bango la mkahawa limetoka kwa mchapaji, futi sita kwa nne. Marehemu Baba na yule mcheza filamu, Mlima Kenya nyuma yao. Swaleh, nitumie maneno ya kuandika chini yake. Kijana wa rangi anakuja baada ya alasiri.

*Swaleh:* Waalaykum salaam Ami, shikamoo. Naandika sasa hivi.

*Shangazi Mwanaisha:* Mcheza filamu gani tena?

*Nuru:* Shangazi ulikuwa wapi wiki nzima 😂 Ile picha tuliyoitoa kwenye sanduku la Babu. Babu na aproni yake ya jikoni, kando yake mzungu kavaa miwani ya jua. Swaleh anasema ni nyota wa Hollywood.

*Swaleh:* Sisemi hivi hivi. William Holden alikuwa mmoja wa wenye ile hoteli ya Nanyuki aliyokuwa akipika Babu. Alizaliwa 1918 O'Fallon, mji mdogo wa Illinois, akakulia California. Jina lake hasa ni William Franklin Beedle. Wakubwa wa studio wakaona Beedle linasikika kama jina la mdudu, wakampa Holden.

*Ami Rashid:* Mdudu usiuweke. Ni mkahawa huu.

*Swaleh:* 😂 Sawa. 1939 akapewa filamu ya kwanza kubwa, Golden Boy. Kijana anayepiga fidla lakini umaskini unamsukuma kwenye ndondi. Holden miaka 21, hajui kitu, na studio wakataka kumtoa. Mwenzake kwenye filamu alikuwa Barbara Stanwyck, mwanamke aliyekwisha kuwa na jina. Yeye ndiye aliyesimama akasema huyu mtoto habanduki hapa, na usiku akawa anamfundisha maneno yake. Basi tangu hapo Holden akawa anampelekea maua kila mwaka, siku ileile waliyoanza kazi.

*Shangazi Mwanaisha:* Kila mwaka?

*Swaleh:* Kila mwaka Shangazi.

*Shangazi Mwanaisha:* Na mimi niliyempikia mtu miaka 27 napewa mkate wa mofa, tena akiukumbuka.

*Nuru:* Baba Fahmi yumo humu kundini Shangazi 😂

*Shangazi Mwanaisha:* Ndiyo nikaandika humu.

*Ami Rashid:* Jamani. Maneno ya bango.

*Swaleh:* Nakuja Ami. Vita vilipoingia akajiunga na jeshi la anga, wakamtumia zaidi kwenye filamu za mafunzo. Mdogo wake Robert ndiye aliyekuwa rubani wa kweli, wa jeshi la majini, akauawa Pasifiki 1944. Holden aliporudi ilichukua miaka kabla hajashika tena, mpaka Sunset Boulevard ya 1950. Kisha Stalag 17, wafungwa wa vita kwenye kambi ya Wajerumani. Hiyo ikampa Oscar. Alipopanda jukwaani matangazo ya televisheni yalikuwa yanakatwa, akasema asante akashuka.

*Shangazi Mwanaisha:* Angekuwa Rashid tungekuwa bado tumekaa hapo mpaka leo.

*Ami Rashid:* 🙄

*Shangazi Mwanaisha:* Ngoja, huyu si ndiye yule wa daraja? Wafungwa wanapiga mluzi wakienda kazini? Baba alikuwa akiipenda sana ile.

*Swaleh:* Ndiye! The Bridge on the River Kwai, 1957. Waliipiga Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Na hapo ndipo alipoonyesha akili ya biashara. Badala ya kuchukua mshahara akaondoka, alikubaliana nao apate asilimia 10 ya mapato, ila walipe kidogo kidogo, isizidi dola 50,000 kwa mwaka, kodi isimmalize. Filamu ikavunja milango, deni likawa la miaka na miaka.

*Ami Rashid:* Huyo ni mtu wetu. Kama kulipwa kwa mafungu tu mimi sina mpinzani, wateja wangu wote hivyo hivyo.

*Swaleh:* Sasa Nanyuki. 1959 yeye, tajiri wa mafuta Ray Ryan na mwenye benki mmoja wa Uswisi, Carl Hirschmann, wakainunua hoteli chini ya mlima wakaigeuza Mount Kenya Safari Club. Zamani ilikuwa ikiitwa Mawingo.

*Nuru:* Mawingu.

*Swaleh:* Mawingo, kwa o. Ndivyo walivyoandika wazungu.

*Nuru:* Mlima wenyewe uko mbele yao umefunikwa gubigubi na neno bado wamelikosea.

*Swaleh:* Mstari wa ikweta unapita papo hapo kwenye uwanja wake. 1962 akarudi kucheza filamu nzima Kenya, The Lion. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Wengi wa wakati ule walikuja kuwinda wakaondoka na vichwa vya kutundika ukutani. Yeye naye alipenda kuwinda mwanzoni, kisha akageuka. 1967 na wenzake akina Don Hunt wakaanzisha shamba la wanyama pale kando ya hoteli, mpaka wakawa wanazalisha bongo wasiishe.

*Baba Fahmi:* Bongo gani, Dar es Salaam? Ile haiishi.

*Nuru:* Uncle kumbe unasoma 😂😂

*Swaleh:* 😂 Bongo mnyama. Swala mkubwa wa msituni, rangi ya udongo mwekundu, mistari myeupe ubavuni. Wale wa mlimani wamebaki wachache mno, na kazi ya kuwalea inaendelea palepale Nanyuki. Baada ya kufa kwake, mwenzake Stefanie Powers, naye mwigizaji, alianzisha wakfu kwa jina lake, na watoto wa shule wanapelekwa kusoma mambo ya wanyama.

*Shangazi Mwanaisha:* Alikufa lini?

*Swaleh:* Novemba 1981, miaka 63. Kifo kibaya Shangazi. Pombe ilikuwa imemshika miaka mingi. Alikuwa peke yake nyumbani Santa Monica, akateleza kwenye zulia, kichwa kikagonga meza ya kando ya kitanda. Ikapita kama siku nne ndipo akakutwa.

*Shangazi Mwanaisha:* La haula. Siku nne, na dunia nzima inajua sura yake.

*Swaleh:* Miezi michache baadaye, 1982, yule Barbara Stanwyck akapewa Oscar ya heshima. Hakuwahi kupata hata moja. Akamtaja palepale jukwaani, kwamba kijana wake wa dhahabu alikuwa akimtakia hiyo siku zote.

*Shangazi Mwanaisha:* Basi niacheni kidogo.

*Nuru:* Swaleh. Umesema alikufa 1981?

*Swaleh:* Ndiyo.

*Nuru:* Nimeigeuza picha. Nyuma kuna mwandiko wa Babu, kalamu ya wino. "Nanyuki, 83."

*Ami Rashid:* Lete nione.

*Nuru:* [picha]

*Ami Rashid:* Hiyo ni 63. Sita ya Baba ilikuwa na kichwa kikubwa. Angalieni daftari lake la duka, sita zote hivyo.

*Nuru:* Ami, hiyo ni nane. Ina matundu mawili.

*Ami Rashid:* Wino umevuja.

*Baba Fahmi:* Wino ukavuja kwa mviringo kamili?

*Swaleh:* Ikiwa 63, Holden alikuwa na miaka 45, inaingia kabisa. Mimi nasimama na Ami.

*Shangazi Mwanaisha:* Mwaka 63 Baba alikuwa na nywele. Huyu wa pichani ana upara. Nuru, muulize Bibi, si uko naye hapo?

*Nuru:* Anasali. Subirini.

*Nuru:* Haya, amekataa simu, amesema niandike anavyosema, nisiongeze langu. Bibi anasema: "Huyo si mcheza filamu. Huyo ni fundi wa mafriji, akitoka Nairobi kila friji kubwa ya nyama ikizima. Babu yenu alimpenda kwa sababu siku hiyo aliokoa nyama ya harusi. Holden mimi simjui, alikuja akienda, na Babu yenu alikuwa hatoki jikoni. Alijua tu kama sahani imerudi tupu."

*Baba Fahmi:* 😂😂😂😂

*Swaleh:* Ami samahani.

*Shangazi Mwanaisha:* Futi sita kwa nne.

*Nuru:* Ami? Uko?

*Ami Rashid:* Niko. Kijana wa rangi ameshafika, amekaa na kopo lake anakunywa chai yangu bure.

*Ami Rashid:* Nuru, muulize Bibi huyo fundi alikuwa akiitwa nani.

*Nuru:* Anasema jina lake hakulijua mtu. Jikoni wote wakimwita Bwana Baridi.

*Ami Rashid:* Haya. Swaleh, baridi inaandikwa kwa d au dh? Huyu kijana ananiuliza.