Mar-Keys wa Memphis: nani hasa alipiga "Last Night", na mbona tukiipiga sisi inasinzia?

Besi_Nne
Wakuu, habari za jioni. Tunataka kuipiga kopi "Last Night" ya Mar-Keys iwe kibao cha kufungulia shoo. Vyombo vilivyopo ni tarumbeta moja, saksafoni tenor moja, bariton moja, kinanda, gitaa, besi na dramu. Nina maswali mawili. Kwanza, kila mahali wanaandika kwamba hawa ndio kina Steve Cropper wa gitaa na Duck Dunn wa besi, lakini nikitega sikio gitaa silisikii kabisa. Pili, noti zote tumezipata, ila wimbo hauchezeki. Tatizo liko wapi?

SanturiZaKale
Sikio lako liko sawa mkuu, gitaa halimo. Cropper alikuwepo studio, ila kazi yake ilikuwa kushikilia kitufe cha kinanda ili sauti isikatike wakati Smoochy Smith anapiga. Dunn hayumo.

Kinachowachanganya watu ni kwamba Mar-Keys walikuwa wa aina mbili. Kuna vijana wa Kizungu wa sekondari ya Messick mjini Memphis, walioanza kwa jina la Royal Spades: Cropper, Dunn, Don Nix na wenzao. Packy Axton wa tenor walimpokea haraka baada ya kujua kwamba mama yake, Estelle Axton, na mjomba wake, Jim Stewart, wana studio. Kwa lugha ya bendi zetu, alikuja na vyombo. Darasa lao lilikuwa Plantation Inn, klabu ya West Memphis, ng'ambo ya mto Mississippi upande wa Arkansas. Huko bendi za weusi kama ya Willie Mitchell na ya Phineas Newborn Sr. zilikuwa zikiwapigia Wazungu. Bendi nyingi za rock and roll za umri wao ziliegemea magitaa. Hawa walitoka pale wakitaka tarumbeta na saksafoni mbele.

Halafu kuna waliomo kwenye santuri yenyewe, ya mwaka 1961. Packy, Smoochy na Wayne Jackson wa tarumbeta ni Wazungu. Gilbert Caple wa tenor, Floyd Newman wa bariton na Curtis Green wa dramu ni weusi, watu wazima wa klabu. Ile sauti nzito inayotamka jina la wimbo ni ya Newman. Kukaa chumba kimoja cha studio waliweza. Kupanda jukwaa moja Kusini mwa Marekani mwaka ule lilikuwa jambo jingine. Kwa hiyo wimbo ulipofika namba 3 kwenye chati ya pop na namba 2 kwenye R&B, waliokwenda kuzunguka nao ni wale vijana.

Cropper hakukaa sana safarini, akarudi kwenye duka la santuri lililokuwa mbele ya studio. Mwaka 1962 ikatoka "Green Onions" ya Booker T. & the M.G.'s, bendi ya studio hiyo: yeye, Booker T. Jones kwenye kinanda, Al Jackson kwenye dramu na Lewie Steinberg kwenye besi. Dunn alichukua besi baadaye. Tangu hapo jina la Mar-Keys lilibandikwa kwa yeyote aliyekuwa studio siku ambayo wapulizaji wapo. Jina la mwenye vyombo, basi.

Ukiitafuta santuri ya kwanza, lebo yake ni Satellite, namba 107. Jina jipya la lebo hiyo, Stax, lilikuja mwaka huohuo, kwa sababu kampuni nyingine ya California ilikuwa tayari na jina la Satellite.

Pumzi_Moja
Historia imekaa vizuri, mimi nijibu la pili. Besi_Nne, nina shaka mnapiga wimbo wa 1961 kwa pigo la 1965. Ule uchelewaji wa pigo la pili na la nne, ambao watu wanauita sauti ya Stax, ulianza na "In the Midnight Hour" ya Wilson Pickett. Prodyuza Jerry Wexler alicheza jerk, dansi ya vijana wa wakati ule, mbele yao studio, Cropper na Al Jackson wakaurudisha mkono nyuma kidogo. "Last Night" haina kitu hicho. Snea, ile ngoma ndogo kali ya dramu, ikae palepale pa pigo.

Fanyeni hivi: dramu na besi peke yao, bluzi ya baa 12 (mzunguko wa vipimo 12), mara tano mfululizo, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikilia kwenye pili na nne tu. Wakishatulia ndipo wapulizaji waingie.

Kwa wapulizaji, sikilizeni noti inapoishia. Kuanza pamoja wengi wanaweza. Mmoja akiachia kwa kuchelewa, vyombo vitatu vinageuka ukungu. Noti iwe fupi, ikatwe kwa ulimi, bila kutetemesha sauti. Tarumbeta ndiye atoe ishara ya kukata. Na pale muziki unaposimama ili mtu atamke maneno, mpiga dramu aache mikono chini! Akijaza pale ameua wimbo.

Hesabu za ufunguo: bendi ikiwa kwenye C, tarumbeta na tenor wanasoma D, bariton anasoma A. Mkiwa G, wawili wale A, bariton E. Pulizeni dakika kumi kabla ya kutyuni kwa kinanda, maana chombo baridi kinashuka na chombo cha moto kinapanda, na kinanda hakimsubiri mtu. Sauti ikipanda, vuta mdomo wa saksafoni nje kidogo.

Besi_Nne
Dah, mpiga dramu wetu anachelewesha makusudi, anaona ndiyo utamu. Na bariton asipofika?

Pumzi_Moja
Usimshushe tenor afanye kazi ya bariton. Kule chini ataguruma na utapoteza sauti ya katikati. Mkono wa kushoto wa kinanda uchukue noti za bariton, fupi vilevile.

SanturiZaKale
Mkirekodi, jaribuni maikrofoni moja kwa wapulizaji wote. Chumba cha Stax kilikuwa ukumbi wa zamani wa sinema wenye sakafu ya mteremko, na miaka ile walirekodi wote pamoja kwenye njia moja, hakuna kurekebisha baadaye. Bariton asimame karibu, tenor nyuma yake, tarumbeta arudi hatua mbili. Akizidi sauti, arudi ya tatu.