Mjadala: Mwenye akiba kidogo alipie hospitali binafsi kujifungua, au aende ya serikali?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo limetugawa nyumbani kwetu hapa Dar es Salaam. Mke wangu ana ujauzito wa miezi saba, hatuna bima, na akiba yetu ni shilingi milioni mbili na nusu. Mama mkwe anasisitiza tulipie hospitali binafsi, kwa sababu mtoto wa kwanza alizaliwa hospitali ya serikali ambako mke wangu alilala na mwenzake kitanda kimoja, akaita usiku mpaka sauti ikamkauka, kwa kuwa wodi nzima ilikuwa na wauguzi wawili tu. Dada yangu anapinga, akisema huduma ya uzazi katika vituo vya umma ni bure kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, na fedha hiyo itamfaa mtoto baadaye. Mimi naelekea kwa mama mkwe, kwani kusikilizwa unapoumwa nako ni tiba. Mnaonaje?

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, mpe pole mama watoto. Aliyoyapata hayakustahili kumpata mzazi yeyote, wala sitayatetea. Hata hivyo, kabla hujatoa fedha hiyo, fikiria saa nane ya usiku mambo yanapoharibika: je, mahali hapo pana chumba cha upasuaji chenye mtaalamu wa usingizi aliyelala hapo hapo, pana damu kwenye jokofu, na pana wodi ya watoto wachanga yenye oksijeni?

Mdogo wangu alilipia hospitali binafsi yenye vyumba safi na wahudumu wapole. Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia, na wodi ya watoto wachanga haikuwepo. Tuliambiwa tukamilishe malipo ndipo gari litoke, na katika gari hilo nilishika mwenyewe mtungi mdogo wa oksijeni katikati ya magoti mpaka tukafika hospitali ya serikali, ambako mtoto alipokelewa na kuwekewa mpira wa hewa puani kabla hata hatujaandikisha jina. Asubuhi, daktari aliyepita wodini alikuwa yule yule aliyemzalisha mdogo wangu usiku kule tulikolipa. Alitutambua, akainamisha macho kidogo, kisha akaendelea na kazi yake vizuri sana. Mtoto sasa ana miaka minne.

Sisemi hospitali zote binafsi ziko hivyo. Zipo kubwa zenye kila kitu, ila huko milioni mbili na nusu inaweza kuisha endapo utatokea upasuaji na mtoto akalazwa siku kumi. Ndiyo maana hospitali ndogo ya kulipia naiona kuwa chaguo la hatari kuliko yote, kwa kuwa inatoza fedha kwa ajili ya utulivu na inapozidiwa inampeleka mgonjwa kule kule alikokukimbia, akiwa amechelewa. Tena tusisahau kwamba vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vilishuka hadi 104 katika ule wa 2022, na wengi wa wanawake wanaojifungulia vituoni hapa nchini hujifungulia vituo vya umma.

Mchangiaji wa pili:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu wodi ya watoto, lakini neno "bure" tulitumie kwa uangalifu. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wajawazito wamekuwa katika kundi la msamaha, na bado shemeji yangu aliandikiwa karatasi ya kununua glovu, pamba, uzi na mpira wa kutandika. Anayelipa binafsi asionekane msaliti, maana anakimbia kitu anachokijua. Wala wenye bima wasijione salama: mwezi Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sababu ya mvutano juu ya bei za kitita kipya cha mafao, na watu wakarudishwa mapokezini wakiwa na kadi mkononi.

Mleta mada:

Nawashukuru. Jana nilikwenda hospitali binafsi tuliyokuwa tumeichagua nikauliza yale matatu. Mtaalamu wa usingizi huitwa kwa simu kutoka nyumbani kwake, damu huagizwa, na watoto wachanga wanaozidiwa hupewa rufaa. Nilimweleza mama mkwe. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba ikiwa ni hospitali ya serikali, basi yeye mwenyewe atakaa nje ya wodi hiyo usiku na mchana. Tumekubaliana iwe hospitali ya rufaa ya mkoa, vifaa vyote tununue mapema, na akiba isiguswe mpaka mama na mtoto watoke salama. Namba 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito nimeiandika ukutani karibu na kitanda.