Mjadala: Njia moja ya miguu na baiskeli, kutoka Pembe za Ndovu hadi Fort Jesus?

Mkaazi wa Kizingo
Assalamu alaykum, na wakubwa shikamooni. Naomba tujadili jambo moja: je, inafaa Moi Avenue hapa Mombasa, kuanzia Pembe za Ndovu, yale matao yaliyovuka barabara, kuvuka makutano ya Digo Road, kisha Nkrumah Road na Treasury Square hadi Fort Jesus, itengewe njia moja isiyokatika, ambayo waendao kwa miguu na waendesha baiskeli wataitumia pamoja? Upana wa mita 3 ungepatikana kwa kuondoa safu moja tu ya maegesho. Tangu bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ilipofunguliwa upya mwaka 2019 tumepata pa kupunga upepo, lakini mwenye shughuli zake mjini bado hupita katikati ya tuktuk na meza za wachuuzi.

Mwenye Duka, Digo Road
Anayetaka kuondoa maegesho hajawahi kulipa kodi ya duka. Mteja wangu huja na gari, hupakia marobota yake, akaondoka. Na hizo baiskeli ni za nani? Mjini hapa baiskeli ni ya muuza samaki na muuza mkate, nao siku wakijaliwa fedha hununua pikipiki. Pembe zenyewe alijengewa Malkia Elizabeth mwaka 1952, nanyi sasa mwataka kupitisha matenga ya samaki chini yake.

Mwana wa Muuza Samaki
Marehemu baba yangu alitoka alfajiri na tenga lake nyuma ya baiskeli, akazunguka mtaa kwa mtaa, na karo yetu ilitoka katika tenga hilo. Kinachokufanya umwone mwenzio duni, bwana, ni uvivu wa mtu anayepanda gari kutoka msikitini hadi dukani kwake. Na ikiwa watutajia historia, itaje sawasawa: Elizabeth alifika Kenya mwaka 1952 akiwa bado binti wa mfalme, akawa malkia babake alipofariki yeye akiwa huku huku, na hizi pembe za alumini tuzionazo ziliwekwa mwaka 1956 kwa ziara ya mdogo wake, Margaret.

Bi wa Makadara
Wanangu, punguzeni makali. Mimi ninayetembea kwa mkongojo naogopa hilo neno «pamoja». Baiskeli haina mlio, na asiyeona hawezi kujua kwamba inamjia kwa nyuma. Mtoto naye hutoka mlangoni mwa duka mbio, na mlango wenyewe unafungukia njiani. Heri njia ziwe mbili, zitenganishwe kwa ukingo, hata wa kimo cha kiganja. Isitoshe, vijana wa baiskeli, hasa hao wapeleka mikate, hawana adabu ya kupiga kengele.

Mwana wa Muuza Samaki
Shikamoo, bi mkubwa. Adabu tulifunzwa. Baba yangu hakupiga kengele tu, aliita kwa sauti, maana asipoita hakuuza. Wasio na adabu ni madereva wa matatu, lakini hao sioni mtu akiwaandika hapa.

Mchora Ramani
Mmemjibu bi kuhusu kengele, mkaliacha swali lake lote. Mtu hutembea kiasi cha kilomita 5 kwa saa, na baiskeli isiyo na haraka huenda 15. Penye watu wachache tofauti hiyo huvumilika katika njia moja ya mita 3, penye msongamano haivumiliki. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali halina jibu moja kwa urefu wote wa njia hiyo. Kuanzia Treasury Square hadi Fort Jesus njia moja yatosha. Kwenye makutano ya Digo Road, jioni, wakati umati unapoelekea Likoni kuwahi feri, kuwachanganya watu na baiskeli ni kutafuta majeruhi. Nairobi walipoibadilisha Luthuli Avenue mwaka 2019, magari yaliachiwa upande mmoja wa kwendea na waendao kwa miguu wakaongezewa nafasi, kwa hiyo maegesho si kitu kisichogusika. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyetaja mikokoteni.

Hamali wa Marikiti
Ahsante kwa kutukumbuka, ijapokuwa mwisho. Mkokoteni uliojaa viazi haupandi ukingo, hata huo wa kimo cha kiganja. Mkituweka na magari, hupigiwa honi mpaka masikio yakaziba; mkituweka na watu, tutawagonga visigino. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulikuwa na reli nyembamba za vigari vilivyosukumwa na watu, wakubwa wamekaa juu kwa raha zao. Siku hizo msukumaji alikuwa na njia yake kwa sababu alimbeba mkubwa. Leo kwa kuwa abeba vitunguu, hana.

Mwenye Duka, Digo Road
Hamali amesema kweli. Bila yeye bidhaa hazifiki dukani, na kama yangetengwa masaa ya asubuhi ya kupakia na kupakua, ningekuwa tayari kusikiliza habari hii ya maegesho.

Mkaazi wa Kizingo
Alhamdulillahi, tumesogea. Basi naomba kila mmoja ajibu kwa ufupi: kwenye makutano ya Digo Road, njia iwe moja au mbili, na mkokoteni upite wapi?

Mwenye Duka, Digo Road
Sitajibu la njia moja wala mbili mpaka huyu kijana afute neno «uvivu». Mimi kila asubuhi, baada ya sala, natembea Mama Ngina kutoka mwanzo hadi mwisho, na majirani ni mashahidi.

Mwana wa Muuza Samaki
Na huko Mama Ngina, bwana, wafika kwa miguu au kwa gari?