Printa inasema «Offline» na mafaili ya VICOBA yamegeuka shotikati, naombeni msaada kabla ya Jumapili

MwlMstaafu
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, niko Korogwe. Miezi miwili iliyopita nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Windows 10, pamoja na printa ya rangi, ile inayojazwa wino wa chupa. Ndiyo kompyuta yangu ya kwanza. Nilichokusudia hasa ni kazi za kikundi chetu cha VICOBA, maana mimi ndiye katibu, tuko wanachama 27, na kuandika hisa na mikopo kwa mkono macho hayaniruhusu tena.

Sasa nina matatizo mawili kwa mpigo. La kwanza ni printa. Tangu Jumanne nikituma karatasi haitoki. Taa yake inawaka vizuri, karatasi zimo, wino upo, lakini kwenye skrini pameandikwa «Offline». Nimebonyeza kuprinti kama mara tisa. Nimezima na kuwasha. Bado.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Jumatano nilichukua flashi nikaenda steshenari ili angalau barua ya mwaliko itoke. Ikatoka. Niliporudi nyumbani na kuichomeka, kila folda ina kishale kidogo kwenye kona, na nikibofya naambiwa kitu hicho kimehamishwa au hakipo. Humo ndani mna kumbukumbu zote za kikundi tangu Machi, tulipoacha daftari. Nilimpelekea fundi mmoja, akasema mafaili yameshaliwa na virusi, nimwachie flashi na shilingi 60,000 ajaribu bahati. Sijamwachia. Mkutano wa kugawana ni Jumapili saa tisa alasiri. Naombeni msaada, na mnieleze polepole.

Nyundo77
Pole mama. Hiyo flashi imekwisha, ifomati uanze upya, yaani ufute kila kilichomo. Printa nayo ondoa draiva, ile programu inayoiendesha, weka nyingine.

KijanaWaSteshenari
Mwalimu, shikamoo. Kabla ya yote, usiifomati hiyo flashi. Hata kompyuta yenyewe ikikuuliza kama unataka kuifomati, kataa. Nyundo77, najua umesema kwa nia njema ndugu yangu, lakini humo mna hesabu ya pesa za watu 27.

Nafanya kazi steshenari jirani na chuo, mwaka wa sita sasa, na ugonjwa huu naukuta karibu kila wiki. Mafaili hayajaliwa, yamefichwa. Kirusi cha aina hii huyapa mafaili yako alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, basi Windows inaacha kuyaonyesha. Kisha mahali pa kila folda kinaweka shotikati, yaani njia ya mkato inayoelekeza mahali pengine, yenye jina lilelile na picha ileile ya folda. Mtu akibofya akidhani anafungua folda yake, anakuwa amekiwasha kirusi, nacho kinahamia kwenye kompyuta kungoja flashi nyingine. Ndivyo kinavyosafiri kutoka steshenari moja hadi nyingine. Inaniuma kwa sababu wengi wanaokuja kwangu tayari wameshafomati, na walichopoteza ni ripoti ya field au mahesabu ya msiba.

Wewe kuambiwa kitu hakipo huenda ni nafuu: yaelekea antivairasi iliyomo kwenye Windows ilikifuta kirusi chenyewe, zikabaki shotikati zinazoelekeza mahali pasipo na kitu.

Tuhakikishe. Fungua «This PC», weka mshale juu ya flashi, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua «Properties». Tazama nafasi iliyotumika. Shotikati moja ni kilobaiti moja au mbili tu. Ukikuta pametumika megabaiti nyingi, ujue mali yako imo. Niambie ni ngapi, na flashi imepewa herufi gani. Usibofye shotikati hata moja kwa sasa.

SaibaMvita
Pole sana Mwalimu. Flashi mwachie kijana, ameishika penyewe. Mimi niko Mombasa, nina saiba, nauliza kuhusu printa. Siku hiyo ya Jumanne kuna mtu aligusa nyaya? Na ukifungua «Settings», kisha «Devices», kisha «Printers & scanners», unaona printa ngapi zenye jina la yako? Tena usibonyeze kuprinti mara nyingine. Hizo tisa ziko kwenye foleni, na siku njia ikifunguka zitatoka zote tisa. Wino ni pesa.

MwlMstaafu
Marahaba wanangu. Flashi ni herufi E, pametumika 412 MB. Kuhusu printa, ni kweli, Jumanne mjukuu wangu alichomoa nyaya zote afagie chini ya meza, akazirudisha. Na naona printa mbili! Moja ina jina lake la kawaida, nyingine jina hilohilo na mwishoni pameandikwa «Copy 1».

SaibaMvita
Hapo ndipo tatizo lilipo. Printa yako ni nzima. Waya ulikuwa kwenye tundu moja la USB, mjukuu akaurudisha kwenye tundu jingine, kompyuta ikadhani umeleta printa mpya, ikaisajili kwa jina la «Copy 1». Wewe ukituma kazi inakwenda kwa ile ya zamani, nayo inangoja kwenye tundu lisilo na waya. Ndiyo maana ya hiyo «Offline». Draiva usiiguse.

Tuanze kwa kusafisha foleni. Shika kitufe chenye nembo ya Windows kwenye kibodi, hapo hapo bonyeza R. Kinakuja kidirisha kidogo, andika services.msc, bonyeza Enter. Itafunguka orodha ndefu iliyopangwa kwa herufi. Shuka hadi «Print Spooler», bofya kitufe cha kulia, chagua «Stop». Huyo ndiye karani wa foleni, tumempumzisha kidogo. Usilifunge hilo dirisha. Sasa bonyeza tena Windows na R, andika hivi bila kukosea:

C:\Windows\System32\spool\PRINTERS

Ikiomba ruhusa bofya «Continue». Utakuta mafaili yanayoishia na SPL na SHD. Kila kazi uliyotuma huwa na mawili, kwa hiyo kwa mara tisa tegemea kama kumi na manane. Futa yote yaliyomo, ila folda yenyewe iache. Rudi kwenye «Print Spooler», chagua «Start».

Baada ya hapo nenda «Printers & scanners», ondoa tiki kwenye «Let Windows manage my default printer», maana ikiwa na tiki hutapewa nafasi ya kuchagua. Bofya ile yenye «Copy 1», «Manage», kisha «Set as default». Na huo waya sasa ubaki tundu hilohilo. Mimi kwenye saiba yangu nimebandika kipande cha plasta juu ya tundu la printa nikaandika kwa kalamu.

KijanaWaSteshenari
Mwalimu, 412 MB ni mafaili yako. Hakuna kilichopotea.

Tusafishe kompyuta kwanza, la sivyo tutatibu flashi na kesho iugue tena. Fungua «Windows Security», ingia «Virus & threat protection», «Scan options», chagua «Full scan». Itachukua muda mrefu, pengine saa kadhaa kwa kompyuta ya mtumba. Iache, pika, pumzika. Ikimaliza, bofya kitufe cha kulia juu ya flashi na uchague «Scan with Microsoft Defender», kwa kuwa ule ukaguzi mkubwa kwa kawaida hauigusi flashi.

Kisha nenda sehemu ya kutafuta chini kushoto, andika cmd, Enter. Linakuja dirisha jeusi, usiliogope. Andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter usubiri mpaka mstari wenye kishale urudi. Amri hii kazi yake ni kuvua zile alama za kufichwa tu. Haifuti kitu.

JiraniKibaha
Samahani kuingilia uzi. Mimi mafaili yangu ya barua hayajafichwa, lakini nikifungua kompyuta inauliza nitumie programu gani. Ni virusi pia?

KaraniMkuu
JiraniKibaha, hapana. Kompyuta yako haina programu ya kuandikia. Pakua LibreOffice kwenye tovuti yao wenyewe, ni ya bure, inafungua mafaili ya docx na xlsx. Usichukue zile programu zilizovunjwa kufuli za kwenye flashi za watu. Ndimo virusi vinamoingilia.

MwlMstaafu
Foleni imesafishika, nilikuta mafaili 18 kamili kama ulivyosema. Lakini lile dirisha jeusi linanijibu «Parameter format not correct». Nimerudia mara nne. Mikono imeanza kutetemeka.

KijanaWaSteshenari
Usiwe na wasiwasi, jibu hilo halidhuru chochote. Ni nafasi. Baada ya attrib ruka nafasi, baada ya kila herufi ruka nafasi: -h nafasi -r nafasi -s nafasi /s nafasi /d nafasi E:\*.* Angalia pia mistari inavyolala: ya /s na /d inalalia kulia, ya E:\ inalalia kushoto.

MwlMstaafu
Imekubali! Lakini sasa naona zile shotikati bado zipo, na imeongezeka folda moja isiyo na jina kabisa. Hapo chini ya picha ya folda pako wazi. Niifungue?

KijanaWaSteshenari
Ifungue Mwalimu. Kirusi hiki mara nyingine hukusanya vitu vyote na kuviweka kwenye folda ambayo jina lake ni alama tupu isiyoonekana. Hiyo ni picha ya folda halisi, haina kishale.

MwlMstaafu
Vyote vimo. Hisa, Mikopo, Faini, Barua. Nimefungua «Hisa» nikaona jina la mwanachama wa kwanza hadi wa 27. Nimekaa kwanza kwenye kiti. Mungu awabariki.

KijanaWaSteshenari
Alhamdulillah. Sasa usikopi folda nzima kwa pupa. Kwenye dirisha la mafaili fungua «View», weka tiki «File name extensions», uone kila faili linaishia na nini. Chukua ya docx, xlsx, pdf na picha zako. Linaloishia na exe, vbs au js, au lenye kishale cha shotikati, liache, hata kama mbele limeandikwa «Hisa.xlsx». Yaweke kwenye «Documents» ya kompyuta, fungua moja moja uhakikishe. Ukisharidhika, na hapo tu, ifomati flashi. Nyundo77, sasa fomati ina mahali pake.

Na ombi langu kama mtu wa steshenari: flashi ya kumbukumbu za kikundi isitoke nyumbani tena. Nunua nyingine ndogo ya kutembea nayo, weka humo faili moja tu la kuprinti, tena lipeleke kama PDF. Sisi wenye steshenari tunapokea flashi za kila mtu kutwa nzima, na si wote wanaokagua mashine zao. Kumbukumbu zenyewe jitumie pia kwa barua pepe kila baada ya mkutano.

Nyundo77
Nimejifunza. Samahani mama, nilikujibu haraka.

MwlMstaafu
Hakuna shida mwanangu. Sasa printa imeitika, lakini haijatoa kitu. Inameza karatasi nusu, taa ya rangi ya chungwa inapepesa, na kwenye skrini inalalamika kuhusu saizi ya karatasi. Karatasi zangu ni A4 za kawaida.

KaraniMkuu
Mwalimu shikamoo. Kompyuta nyingi za mtumba zinakuja na mipangilio ya Marekani, na huko karatasi yao ya kawaida ni Letter, 216 kwa 279 mm. A4 ni 210 kwa 297. Tofauti ndogo, lakini printa nyingine hazikubali. Kwenye «Manage» ya printa fungua «Printing preferences», sehemu ya karatasi chagua A4. Halafu ndani ya faili lenyewe, kwenye «Page Layout», «Size», weka A4 pia. Huku kwa pili ndiko watu wanakosahau.

Jambo jingine, si la leo: Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukimaliza mkutano wako, tafuta mtu unayemwamini aangalie kama mashine yako inaweza kupokea Windows 11.

MwlMstaafu
Imetoka! Ila ina mistari myeupe inayopita katikati ya maandishi, na tarakimu nyingine hazisomeki. 3 na 8 zinafanana, kwa hesabu za hisa haifai.

SaibaMvita
Unaizima vipi, Mwalimu? Kwa kitufe chake au swichi ya ukutani?

MwlMstaafu
Ya ukutani, naogopa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo.

SaibaMvita
Hofu yako ni ya haki, umeme ukirudi vibaya unaua vifaa. Lakini tanguliza kitufe cha printa. Ukikibonyeza utasikia kichwa cha wino kinatembea hadi pembeni na kujifunika. Ukizima ukutani ghafla kinaweza kubaki wazi, wino unakauka kwenye vitundu vyake. Ngoja kinyamaze, ndipo uzime ukutani.

Kwa leo, ndani ya «Printing preferences» tafuta sehemu ya matengenezo, printi «Nozzle Check», karatasi ya kukagua vitundu vya wino, kisha fanya «Head Cleaning», kusafisha kichwa, mara moja, printi tena ukague. Ikibaki mistari rudia mara ya pili, ya tatu. Usizidishe hapo, kila usafishaji unakunywa wino. Ikigoma, iache hadi kesho asubuhi ujaribu tena. Wino uliokauka hulainika wenyewe.

MwlMstaafu
Mara ya kwanza haikubadilika. Ya pili mistari ikapungua. Nikaiacha usiku kucha kama ulivyosema.

Leo Jumamosi saa mbili asubuhi nimeprinti karatasi ya kwanza, safi, 8 ni 8. Hadi saa nne zimetoka zote 27, kila mwanachama na karatasi yake ya hisa, nimezipanga kwa majina ndani ya bahasha. Yule fundi nimempigia simu kumwambia mafaili yalikuwapo. Mjukuu ameona nimebandika plasta kwenye tundu la printa, akachukua kalamu nyekundu akaandika mwenyewe: USICHOMOE, BIBI.