Kaulizwa, kabonyeza y, kisha ananitukana mie mbele ya mteja!

KaziZaMkono:
Jamani, mnamjua. Simtaji. Yule wa miwani kichwani, laptopu ina vibandiko kushinda daladala ya Bububu, kila anapopita "mwalimu, mwalimu". Leo kanifanyia kitu mpaka sasa mikono inatetemeka.

Nimemjengea bimkubwa mmoja wa Jambiani tovuti ya nyumba yake ya wageni. HTML na CSS, lugha za kuandikia kurasa za wavuti, yote kwa mkono. Bei za vyumba, nyakati za maji kujaa na kupwa, picha za kina mama na mwani wao. Ipo Firebase, huduma ya Google ya kuweka tovuti hewani, inafunguka hata kwenye simu ya bei rahisi. Imebaki kubadilisha nambari ya simu tu. Nambari! Nimeinuka kuswali Alasiri, narudi namkuta bwana mkubwa kakaa kwenye kiti changu.

Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, iko wazi, kila kitu kinasomeka. Kaanza na firebase init upya, amri ya kuandaa mradi mpya, kwenye mradi unaofanya kazi! Chombo kikamuuliza: index.html ipo tayari, niandike juu yake? (y/N), yaani y ndiyo, N hapana. Hiyo N kubwa, wallahi, maana yake ukibonyeza Enter umelala usingizi faili lako linapona. Yeye kabonyeza y. Kaitafuta y kwenye kibodi, kaiona, kaibonyeza! Kisha firebase deploy, ikaenda hewani dunia nzima.

Tovuti kufunguka, nyumba ya bimkubwa haipo. Upo ule ukurasa wa Firebase wa kukaribisha, unaosema kwa Kiingereza umeshakamilisha maandalizi, sasa nenda kajenge kitu cha ajabu. Na yeye akamgeuzia bimkubwa skrini, akamtafsiria: "Unaona? Chombo chenyewe kinasema hajajenga kitu. Hii ndiyo kazi uliyoilipia?"

Hii ndiyo kazi uliyoilipia! Kafuta yeye, kwa y yake, halafu anamuuliza bimkubwa hii ndiyo kazi uliyoilipia! Na bimkubwa akanitazama mie!

UrojoKwanza:
Hahaha namjua huyo! Kwetu aliitwa kurekebisha printa, mpaka leo inachapa nusu ukurasa.

MtotoWaWete:
Sasa yakhe, nakala huna? Git ya kutunza matoleo ya kazi umeiweka ya mapambo? Na laptopu unaiachaje wazi?

KaziZaMkono:
Nakala ninayo! Tovuti nishairudisha kabla kahawa haijapoa! Silii faili mie, nalia maneno. "Hii ndiyo kazi uliyoilipia"!

Bi_Karafuu:
Tena hata bila nakala. Konsoli ya Firebase, ule ukurasa wa kusimamia mradi, ina historia ya matoleo, unachagua lililopita unalirudisha. Na mtu akitaka kujaribu kwanza ipo firebase hosting:channel:deploy, inakupa anuani ya muda, usipoipangia muda inakwisha baada ya siku 7. Mwalimu gani hajui hayo?

KaziZaMkono:
Mwalimu wa y!

MtotoWaWete:
Afadhali nyie mnagombania ukurasa. Sisi Pemba umeme unatujia kutoka Tanga chini ya bahari tangu 2010, na juzi ukakatika nipo katikati ya kupandisha.

Bi_Karafuu:
Ukikatika katikati toleo jipya halitoki, watu wanaendelea kuona la zamani. Hukupoteza kitu.

MtotoWaWete:
Nimepoteza bando! Picha zote kuzipandisha upya!

UrojoKwanza:
Wapandisha picha za harusi? Zipunguze ukubwa kwanza, ndugu yangu.

MtotoWaWete:
Mteja hataki zipunguzwe! Anasema zikipungua na yeye anaonekana kapungua!

KaziZaMkono:
Jamani turudi kwenye y. Mbele ya mteja!

MzeeWaMeli:
Wewe angalau mteja wako analipa pesa. Wangu wa Nungwi kanilipa pweza.

UrojoKwanza:
Mbichi au mkavu?

MzeeWaMeli:
Mkavu. Na bado anataka nimwongezee ukurasa wa Kitaliano.

Bi_Karafuu:
Huyo wa Nungwi ana duka karibu na wajenzi wa majahazi? Basi na mie ananidai... nasema mie namdai!